Kipini cha Difu ya Mbele

Jumapili, 7 Juni

Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba leo, saa nne na robo asubuhi, nimevaa ovaroli mpya. Bluu iliyokoza. Mifuko saba, mmoja wa kalamu. Kalamu imo.

Mke wangu kasema ovaroli haivaliwi Jumapili kwenda kula kwa mama yake. Nikamweleza kwamba fundi ni fundi hata mbele ya sahani. Kasema hilo ndilo hasa mama yake hajakubali kwa miaka kumi na tisa.

Kweli tupu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mama mkwe ananiita Baba Mapacha. Jina zuri, sina ugomvi nalo. Lakini yule mwanyumba wangu, mume wa shemeji yangu mdogo, aliyeingia ukoo huu juzijuzi tu akiwa na rula mfukoni, yeye anaitwa Fundi. Fundi ongeza mchuzi. Fundi kaa hapa penye upepo. Mimi nakaa mlangoni, kila anayepita ananikanyaga. Nilianza na baiskeli, sikatai. Lakini baiskeli niliziacha miaka kumi na mbili iliyopita! Sasa ni malori, na bango langu linasema hivyo kwa herufi nyekundu.

Mwanyumba wangu, mtaa mzima wanamwita Kipimo. Hupima kila kitu. Leo katazama chai yake akasema imepungua nusu kidole. Mimi wananiita Chapchap. Naichukulia kama sifa.

Baada ya chakula mama mkwe kaweka kijiko chini. Akiweka kijiko chini, watu huacha kutafuna. Kasema lori lake la kubebea mawe limekufa difu ya mbele.

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakuwa maarufu: difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, lenye gia ndani, linalopokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu ya kulia na kushoto. Malori mengi yanayo nyuma tu. La mama mkwe linayo na mbele, na dereva akivuta ile gia fupi ya pembeni, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Bila hiyo halipandi njia ya machimbo. Tope la kule linateleza kama sabuni.

Na Jumamosi lazima lipande. Ni siku ya kwanza ya kubeba mawe ya msingi wa zahanati. Mzigo wa kwanza usipofika kabla ya jua kuzama, kazi anapewa mwenye lori jingine. Mama mkwe ameihangaikia kazi hiyo tangu mwaka juzi. Alilisema hilo kwa sauti ndogo, na mama mkwe hana sauti ndogo.

Kipimo alikuwa bado anatafuna. Nikaona mwanya. Nikasimama, kiti kikaanguka, nikasema nalichukua mimi. Mama mkwe akaikagua ovaroli kutoka kola hadi miguuni, akauliza kama mimi si wa baiskeli. Nikasema, Mama, niliziacha. Kipimo akameza, akasema difu ya mbele inataka utulivu, siku mbili za kupima na moja ya kufunga. Nikasema Alhamisi limekwisha.

Mama mkwe kafikiri. Kisha kasema haya, Baba Mapacha, na lori likipanda, matunzo yake yatakuwa yako moja kwa moja.

Nimerudi nyumbani sijui nakanyaga ardhi au pamba. Lengo la wiki: kuitwa Fundi na mama mkwe. Mara moja tu inatosha.

Jumatatu, 8 Juni

Lori limefika saa mbili, likiendeshwa na Kimya, dereva wa mama mkwe. Kimya husema neno moja kwa siku. La leo lilikuwa "Haya."

Haliingii karakanani. Kichwa ndani, mgongo barabarani. Safi sana! Kila apitaye analiona, na Kipimo kule ng'ambo ya barabara analiona kuliko wote. Ovaroli mpya nimeitundika kwenye msumari. Ya kazi nimevaa ile ya zamani.

Nimefungua difu mbovu. Nilisahau jambo moja dogo, kumwaga oili kwanza. Oili ikajikumbusha yenyewe. Lita saba, kifuani. Beseni la mke wangu la kufulia lilikuwa karibu, nikawahi kukinga zilizobaki. Mke wangu kasema beseni hilo analo tangu harusi. Nikaahidi kulisugua. Kalitazama, kanitazama mimi, kaniambia nibaki nalo.

Ndani, meno manne ya ile gia kubwa yamekatika, yamelala chini kama punje za mahindi. Nikaishusha difu kwa jeki na mbao mbili. Ilishuka vizuri sana isipokuwa shubiri ya mwisho. Sakafu yangu sasa ina bwawa.

Kuishusha ni jambo moja, kuipandisha nyingine ni jingine. Zaidi ya kilo mia mbili! Inahitajika winchi ya mnyororo. Mtaani iko moja. Sitaki kutaja ni ya nani.

Mpango: siombi. Mke wangu atamwambia mdogo wake, mdogo wake atamwambia mumewe kwamba kuna jirani anahitaji winchi, bila kusema jirani yupi. Mke wangu kasema karakana zetu zinatazamana, si nivuke barabara tu. Nikamwambia kuna suala la heshima. Kasema kumbe siku hizi ndiyo inaitwa hivyo.

Lakini kapiga simu. Nimemsikia akicheka na mdogo wake nusu saa nzima. Mambo ya wanawake, bila shaka.

Jumanne, 9 Juni

Winchi imekuja. Na mwenyewe amekuja chini yake, kaibeba begani. Ovaroli nyeupe. Nyeupe! Fundi wa malori! Kasema amesikia kuna jirani asiyejulikana ana shida, na kwamba winchi yake haitembei peke yake.

Papo hapo Kimya kaleta difu nyingine kutoka duka la vipuri. Neno la leo: "Nzito." Juu yake mtu wa duka kachora mshale kwa chaki na kuandika JUU.

Kipimo kachuchumaa mbele ya difu kama anayesalimia mtoto. Katoa kitabu. Kaanza kunionyesha kwamba matundu ya bolti ni kumi na mawili, yamezunguka duara kwa nafasi sawasawa, na kwamba pembeni kuna kipini kimechomoza, kidogo kama ncha ya kidole, na kwenye ekseli kuna tundu lake. "Hicho kipini usikiguse, mwanyumba." Kasema mara mbili. Nikaitikia mara tatu. Kisha yakaja maelezo marefu ya kwa nini, ambayo sikuyapata yote, kwa sababu nilikuwa nawaza namna ya kumwondoa. Akibaki hapa, nani ataamini kazi ni yangu?

Nikapata. Nikamwambia, kama mtu anayepiga soga tu, kwamba ile geji ya upepo kwenye kituo cha mafuta inadanganya. Watu wanaondoka na matairi nusu wakidhani yamejaa.

Ungeona uso wake! Kama kaambiwa nyumba inaungua. Kauliza inadanganya kwa kiasi gani. Nikasema sijui, ndiyo shida yenyewe, hakuna anayejua. Dakika mbili baadaye alikuwa barabarani, geji yake mwenyewe mkononi, anatembea kwa hatua ndefu. Winchi kaiacha!

Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jioni nimeipaka difu rangi. Bluu iliyokoza, sawa na ovaroli, iliyobaki kutoka mlango wa choo. Kote, juu, chini, pembeni, hakuna doa wala chaki. Inang'aa kama sufuria ya maharusi. Mama mkwe akiinama kuangalia, ajue pana mtu.

Jumatano, 10 Juni

Siku kuu. Kufunga.

Nimelala chali chini ya lori tangu saa mbili. Difu inaning'inia kwenye mnyororo juu ya kifua changu, inazunguka polepole, inanitazama kila upande. Hujapata kujua unyenyekevu mpaka bonge la kilo mia mbili na kitu liwe juu ya pua yako. Kimya anavuta mnyororo. Mimi natoa amri: Juu! Kidogo! Basi! Nimesema basi!

Nikaiingiza mdomoni mwa ekseli. Matundu kumi na mawili, yote yanatazamana, hakuna hata moja lililokosea. Uzuri ulioje! Lakini haikai. Imebakiza mwanya wa kidole upande mmoja. Nikasukuma kwa goti. Nikasukuma kwa miguu yote miwili. Nikaisemesha kwa upole, kisha bila upole. Wapi!

Nikamulika kwa tochi. Kumbe ni kile kipini. Kinagonga chuma kitupu, hakina tundu mbele yake. Watengenezaji wamekosea kukiweka, hayo hutokea.

Nakumbuka Kipimo alisema nisikiguse. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito, kwa muda wa funda mbili za chai. Kisha nikachukua patasi na nyundo. Mapigo matatu. Ting! Kimeruka, sijui kimeangukia wapi. Difu ikaingia kama mkono mfukoni.

Nikafunga bolti zote kumi na mbili. Kipimo hutumia spana yenye namba za kumwambia akaze kiasi gani. Mimi ninao mkono. Unakaza mpaka uone nyota, unapumua, unakaza tena.

Kimya akainama, akatazama difu ilivyokaa, akasema neno lake: "Mshale?" Nikamuuliza mshale gani. Akaiangalia ile rangi ya bluu. Akafunga mdomo. Mtu mzuri, ila hana msisimko na kazi za watu.

Jioni dosari moja. Kipimo karudi kutoka kituo cha mafuta, siku ya pili, kichwani kofia mpya nyekundu. Geji kweli ilikuwa inadanganya! Nilibuni mimi, kwa kinywa changu, na kumbe ni kweli! Meneja kamshukuru mbele ya watu, kamwomba akague na zile nyingine tatu, kampa kofia. Kipimo kavuka barabara kuja kunishukuru. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sijala vizuri.

Jumatano, baadaye kidogo

Mke wangu kauliza kwa nini kuna alama za vidole za bluu kwenye mlango, kwenye kikombe na kwenye paji la uso wangu.

Alhamisi, 11 Juni

Asubuhi nimeingia kujaza oili. Kizibo cha kujazia kwenye difu kiko chini kabisa, kinatazama ardhi! Nani aliyesoma shule anaweka mdomo wa chupa chini? Kila ukijaza, inamwagika. Watengenezaji wa siku hizi hawaulizi mafundi. Nikafunga kizibo, nikatafuta tundu lingine juu ya ekseli, nikatia oili kwa mrija. Ndiyo faida ya kutumia akili.

Saa nane mama mkwe kaja kuona. Nilikuwa tayari, ovaroli mpya, kalamu mfukoni. Kainama, kaiona difu ya bluu, kasema "Eh!" Kapanda mbele na Kimya, nami nikaning'inia mlangoni. Tumezunguka mtaa mara mbili. Lori laini! Halilii, halitetemeki. Mbele ya karakana ya Kipimo nilimwomba Kimya apunguze mwendo. Kipimo alitoka, akasikiliza, akainamisha kichwa kama daktari.

Kimya aliweka mkono kwenye ile gia fupi, akauliza, "Mbele?" Nikamwambia kwenye lami haivutwi, inakula matairi. Ni kweli! Hata kitabu cha Kipimo kinasema hivyo.

Mama mkwe kashuka. Kajifuta mikono kwa leso. Kanitazama. Kasema:

"Ahsante, Fundi."

FUNDI.

Nimejifanya sikusikia kwa sababu ya injini ili arudie. Injini ilikuwa imezimwa. Karudia ahsante peke yake. Si kitu. La kwanza lilisikika, Kimya shahidi.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeamka Fundi. Nimepiga mswaki kama Fundi. Mke wangu kasema Fundi atoe takataka.

Saa tano Kipimo kavuka barabara. Alifuata winchi yake. Wakati anaikunja minyororo, kainama, kaokota kitu sakafuni, kando ya bwawa. Kipini. Katoa kile kipimio chake cha taya mbili, kakipima urefu, kakipima unene. Kauliza hiki kimetoka wapi. Nikasema ni cha baiskeli ya zamani. Kakigeuza, kaona ilipopita patasi. Kakifunga kwenye leso, katia mfukoni.

Kisha kaniambia, kwa upole kabisa, mwanyumba, tuinue magurudumu ya mbele kwa jeki, tuvute gia fupi, tuone. Dakika kumi tu.

Dakika kumi! Niliona wazi anachotaka. Anataka Jumamosi iwe na alama zake za vidole. Nikamwambia jeki yangu imeazimwa. Kauliza na nani. Nikasema na jirani asiyejulikana.

Akaondoka polepole.

Jeki nimeificha uvunguni mwa kitanda. Mke wangu kauliza kwa nini kitanda kimeinuka upande mmoja.

Jumamosi, 13 Juni

Lori limepanda machimboni. Mzigo wa kwanza umefika kabla ya jua kuzama. Kazi ni ya mama mkwe.

Ovaroli imelowekwa. Sina la kuongeza.

(Mke wangu anacheka chumba cha pili. Kila akinyamaza, anaanza upya.)

Jumapili, 14 Juni

Mke wangu kasoma ya jana. Kasema kama daftari hili ni la kweli, niandike ya kweli, au ataandika yeye. Basi. Ukweli wenyewe ni huu.

Saa tatu asubuhi tulikuwa chini ya kilima cha machimbo. Mvua ilinyesha alfajiri. Mama mkwe yuko mbele na Kimya, mkoba magotini, amevaa kama anakwenda harusini. Kipimo kasimama nyuma ya lori, ovaroli nyeupe, mikono mfukoni. Pikapu yake ameiegesha kando, imebeba kitu chini ya turubai, sikuuliza nini. Mimi nilikuwa mbele kabisa, katikati ya njia, natembea kinyumenyume na kuita lori kwa mikono miwili, kama lingepotea bila mimi.

Nikapaza sauti: vuta gia fupi! Kimya akavuta. Akakanyaga mafuta.

Lori likanguruma. Likatetemeka kuanzia taa hadi sahani ya namba. Lakini haliendi. Nikaita kwa mikono zaidi. Haliendi! Nikatazama magurudumu. Ya nyuma yanazunguka kwenda mbele. Ya mbele yanazunguka kwenda nyuma. Lori zima linavutana na nafsi yake, kama watu wawili wenye shuka moja siku ya baridi.

Na tope. Magurudumu ya mbele, kwa kuwa yalikuwa yanarudi nyuma, yakalitupa tope mbele, nilipo mimi. Ya nyuma, kwa kuwa yalikuwa yanakwenda mbele, yakalitupa nyuma, alipo Kipimo. Haki ilitendeka pande zote. Ndani ya nusu dakika hapakuwa na ovaroli ya bluu wala nyeupe. Zilikuwa mbili za kahawia. Kalamu yangu sijaiona tena.

Kimya akazima injini, akatoa kichwa dirishani. "Mbele inarudi nyuma na nyuma inakwenda mbele." Maneno saba! Nimehesabu. Sijui atasema nini wiki nzima ijayo.

Mama mkwe akashuka. Hakuwa na hata tone la tope. Nilijiandaa kupigiwa kelele, nilikuwa nimeshaziona njia mbili za kukimbilia. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya jiwe, akatazama jua lilipo, akauliza saa ngapi. Kisha akasema, "Baba Mapacha." Basi.

Kelele ningeziweza.

Nikamwambia. Nikasema, Mama, kulikuwa na kipini, nikaambiwa nisikiguse, nikakikata kwa patasi. Palikuwa na mshale wa juu, nikaupaka rangi ya mlango wa choo. Na jana mwanyumba alitaka tujaribu, nikaficha jeki uvunguni mwa kitanda. Nadhani ni mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nimemweleza kazi yangu bila kuongeza chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bado kuna jua."

Kipimo akafunua turubai. Winchi. Jeki mbili. Makopo ya oili. Kitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Alijua tangu Ijumaa! Alipokipima kile kipini tu alijua. Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda kusema kwa mama mkwe. Akajipangusa tope machoni, akasema mwaka wake wa kwanza wa ufundi yeye mwenyewe alifunga difu kichwa chini, akaitwa Kinyume miaka minne, na ndipo alipoanza kupima kila kitu. Hakutaka nipate jina jipya.

Nilijifanya natafuta spana.

Sasa nimeelewa yale maelezo marefu. Kwa kuwa matundu ya bolti yamezunguka sawasawa, difu inakubali kuingia hata ikiwa imepinduliwa, na ikipinduliwa inageuza mzunguko wa magurudumu. Kipini kiko pale kumzuia mtu mmoja tu duniani, anayefanya haraka. Kilinizuia. Nikakipiga.

Tulilala chini ya lori bega kwa bega saa sita nzima. Tukaondoa shafti, vile vyuma virefu vinavyopitisha nguvu, tukamwaga oili (kwanza!), tukashusha, tukageuza. Zile bolti nilizokaza mpaka nikaona nyota, kuzifungua tuliona nyota wote wawili. Kipimo alihesabu kila bolti na kuipanga kwenye kitambaa. Mimi niliimba. Aliniomba niache, kisha kidogokidogo akaanza kuitikia.

Tukakwama kwenye kipini. Kisiki cha kile cha zamani tulikitoa, lakini kilichokatwa hakifai tena, na Kipimo akakataa katakata kufunga bila hicho kitu. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Duka la vipuri ni mwendo wa saa mbili kwenda tu. Mama mkwe alisimama karibu, analitazama jua.

Nikajipapasa mifuko yote saba. Kwenye wa sita nikakipata: kotapini. Ni kile kijichuma kinachoshika mkono wa pedeli ya baiskeli. Huwa natembea na kimoja tangu enzi zile, kwa bahati njema, na sijapata kumwambia mtu. Chuma kigumu, unene karibu uleule. Nikachukua tupa, nikakaa juu ya jiwe, nikakikwangua. Kipimo akapima: kimezidi. Nikakwangua mara mbili. Akapima: kimezidi kidogo. Nikafumba macho, nikakigeuza kwenye vidole kama nilivyokuwa nikifanya na mamia ya baiskeli, nikapitisha tupa mara moja, taratibu. Akapima. Akapima tena. Akavua ile kofia nyekundu ya kituo cha mafuta, akanivisha mimi.

Difu ikapanda, mshale juu. Kipimo alikwangua rangi mpaka akauona. Kipini kikaingia tundu lake: tik! Sauti tamu sijapata kuisikia tangu mapacha walipoanza kulala usiku kucha. Na kizibo cha oili kikawa juu, panapostahili. Nawaomba radhi watengenezaji.

Saa kumi Kimya akavuta gia fupi. Magurudumu yote yakakubaliana. Lori likapanda kile kilima kama linapanda ngazi ya nyumbani kwake, na mama mkwe dirishani, mkono nje, anatupungia. Tulipiga kelele kama watoto. Kipimo alinikumbatia, tukanata kwa tope, ikabidi tuvutwe.

Mzigo wa kwanza ulimwagwa saa kumi na moja na nusu. Jua lilikuwa bado limebakiza kiganja kizima. Kipimo alilipima kwa mkono.

Kisha mama mkwe akamimina chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akaita: "Mafundi, chai!" Pale tulikuwa watatu. Kimya ni dereva. Nimepiga hesabu kwa kila njia, lazima nimo. Akauliza kipini kakichonga nani. Kipimo akaninyooshea kidole. Akanitazama, akasema, "Kumbe baiskeli hazikuwa bure." Matunzo ya lori katupa wote wawili, kwa sharti kwamba nyundo inakaa kwa Kipimo.

Ndiyo ukweli wote. Sifichi kitu.

Leo nimekula kwa mama mkwe, penye upepo. Kipimo hayupo, kasafiri na mkewe mpaka Jumatano. Baada ya chakula mama mkwe kasema pampu ya maji ya uani inakohoa, ila isubiri, Fundi mwenzangu atakaporudi tuitazame pamoja. Mwenzangu! Kisha kaingia kulala kidogo.

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo, kando ya pampu hiyo. Nilitaka kuitazama tu. Kifuniko kimelegea, skrubu zote nimezitoa, kinakaribia kabisa kutoka. Kimeshikwa na kitu kimoja, upande wa ukuta. Kijipini. Kidogo mno, kama punje ya mchele.

Nyundo iko kwa Kipimo, ni kweli. Lakini hapa uani pana jiwe zuri, na Kipimo alikuwa anazungumzia difu. Hii ni pampu.

Mapigo matatu tu.